Samli, Supu au Shayiri: Njia Tatu za Ayurveda za Kula Wakati wa Baridi Bila Kunenepa

Majira ya baridi ya mwaka juzi, kila baada ya wiki mbili bati moja la adadiya liliingia nyumbani kwetu hapa Leicester. Lilitoka kwa jirani yetu, bibi wa Kigujarati aliyezaliwa Mombasa akahamia Uingereza mwaka 1968. Mtaani tunamwita Ba, kama wajukuu zake wanavyomwita. Adadiya ni mfano wa kashata nene: unga wa dengu nyeusi unakaangwa kwa samli hadi unukie, kisha unatiwa sukari, lozi, iliki, tangawizi kavu na gundi ya kuliwa, iliyokaangwa ikafura kama bisi. Mimi na mume wangu tulikula sawa, kipande kimoja asubuhi na kingine jioni kwa chai. Machi tulipopanda kwenye mizani, yeye alikuwa na kilo zake zile zile. Mimi nilikuwa nimeongeza 5.

Mume wangu anagawa barua kwa miguu. Anatoka asubuhi kungali giza, anarudi alasiri masikio yamekufa ganzi. Mimi napokea simu za wateja, na kazi hiyo naifanyia nyumbani, kitini, hita ikiwa nyuzi 21.

Baridi iliyofuata nikaruka upande wa pili: supu nyepesi, maji ya moto, hakuna mafuta. Hiyo nayo ilinishinda. Sasa ni mwaka wa tatu na nafuata njia nyingine tofauti na hizo mbili. Zote tatu zinaitwa za Ayurveda, elimu ya kale ya tiba ya India, na anayetaka kuanza huchanganyikiwa kwa sababu mmoja anamwambia ale samli na ufuta kwa kuwa ni baridi, mwingine anamwambia aepuke mafuta yote kwa kuwa ni mnene. Na wote wawili wananukuu vitabu vile vile. Ndiyo maana naziweka hapa pamoja, ili uchague kwa kuujua mwili wako na kazi yako.

Vitabu vinasemaje

Ayurveda hugawa mwaka katika majira sita, na ya baridi ni mawili: Hemanta, takriban katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari, kisha Shishira hadi katikati ya Machi. Mwili nao unaelezwa kwa nguvu tatu. Vata ni ya upepo na ukavu, pitta ni ya moto, kapha ni ya uzito na unyevu. Aliyekulia pwani akisikia wazee wakizungumzia balghamu hatapotea hapa. Kapha na balghamu ni ndugu.

Charaka Samhita, kimojawapo cha vitabu vikuu vya elimu hii, kinasema kwamba upepo wa baridi ukiugusa mwili, moto wa tumbo unaoitwa agni hufungiwa ndani ukapata nguvu. Moto huo ukikosa kuni, huanza kuula mwili wenyewe. Kwa hiyo kinaagiza chakula kizito: nyama yenye mafuta, maziwa, mchele mpya, vitu vya miwa. Kinakataza kula kidogo mno na kula vitu vyepesi vikavu.

Lakini soma polepole. Kitabu kinataja moto wa watu wenye nguvu, tena walioguswa na upepo. Vagbhata, mwandishi wa Ashtanga Hridaya, kitabu kingine kikuu cha elimu hii, akiyaeleza majira hayo hayo anaagiza kukandwa mafuta na kupigana mieleka na watu wanaoijua. Mieleka! Sisi tumechukua samli, mieleka tumeiacha kitabuni. Sisemi wazee wale walitaka watu walale nje. Charaka mwenyewe anataja chumba cha ndani chenye joto. Ila hoja yake ya njaa inaanzia kwenye baridi inayoigusa ngozi, na ngozi yangu ilikuwa haiguswi na chochote isipokuwa sweta.

Tofauti ya nyumba pia ni kubwa. Delhi mwezi Januari usiku hushuka hadi nyuzi 7 hivi, lakini nyumba nyingi hazina hita za ukutani, kwa hiyo watu wanakaa ndani na shali mabegani, na mchana wanatoka kuota jua. Leicester mwezi huo mchana wenyewe ndio nyuzi 7, jua la Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni, na ndani ya nyumba ni kama Tanga mwezi wa Julai. Chakula kilichotungwa kwa nyumba ya kwanza tunakila katika nyumba ya pili.

Njia ya kwanza: chakula kamili cha Hemanta

Nataka niitendee haki, maana ni tamu na ina akili. Ukimwona Ba akipika rotlo, mkate bapa wa mawele, utaelewa. Anakanda unga kwa maji ya moto, kiasi cha mkate mmoja tu kwa wakati, kwa sababu mawele hayana mnato wa ngano na donge likikaa linapasuka. Anausukuma kwa kisigino cha kiganja, kisha anaupigapiga kati ya mikono miwili, pa, pa, pa, hadi unakuwa duara kama sahani. Unaiva kwenye chungu bapa cha udongo. Juu yake siagi nyeupe, pembeni bilinganya lililochomwa motoni likapondwa na kitunguu saumu kibichi na pilipili, na kipande cha sukari guru. Asubuhi ni raab, uji mwembamba wa mawele uliokaangiwa samli, ukatiwa tangawizi na sukari guru. Halafu kashata za ufuta, hasa siku za Uttarayan, sikukuu ya tarehe 14 Januari.

Faida yake ni kwamba unashiba kweli, ngozi haikauki, viungo havikakamai, na choo ni laini. Tatizo ni hesabu. Kijiko kimoja cha chakula cha samli kina kalori kama 120. Ufuta una zaidi ya kalori 550 kwa gramu 100. Kipande cha adadiya nilichokipima jikoni kilikuwa gramu 40, na kwa hesabu yangu kilikaribia kalori 200. Viwili kwa siku ni 400. Kwa mume wangu, saa tano za kutembea na mfuko begani zinaimeza hiyo. Mimi siku hizo nilikuwa sifiki hatua elfu tatu.

Njia hii inamfaa mjenzi, mgawa barua, muuguzi anayezunguka wodini usiku kucha, kijana mwembamba anayeona baridi mpaka mifupani, na mama anayenyonyesha ambaye hakunenepa kupita kiasi. Kwa mkaa kitini mwenye uzito wa ziada, hapana, hata ukiambiwa samli ni dawa.

Njia ya pili: kukausha kapha

Hii ndiyo inayouzwa sana kwa watu wanaotaka kupungua. Kifungua kinywa kinaachwa, kutwa unakunywa maji ya moto, mchana supu ya mboga yenye pilipili manga na tangawizi nyingi, jioni supu tena au matunda. Maziwa hakuna, mafuta hakuna, wanga kidogo sana.

Wiki ya kwanza nilipungua kilo 2 na nikafurahi sana. Wiki ya tatu mikono yangu ilikuwa baridi mchana kutwa, visigino vimepasuka, choo kigumu, usingizi unakatika saa tisa usiku. Nilipojua nimeshindwa ilikuwa usiku mmoja saa nne: nilikuta nimesimama mbele ya kabati na kisu mkononi, nikipaka siagi ya karanga kwenye kipande cha nne cha mkate. Sikuwa na uroho, nilikuwa na njaa ya kweli. Kwa lugha ya Ayurveda, nilikuwa nimepunguza kapha kwa kupandisha vata, kosa lile lile Charaka analolikataza kwa jina lake, kula kidogo mno katika baridi. Vagbhata naye anaeleza kwamba usiku wa majira haya ni mrefu, hivyo mtu huamka na njaa asubuhi mapema. Kumwambia mtu huyo aruke kifungua kinywa ni kumsubirishia kabati la usiku.

Siikatai kabisa. Siku mbili tatu baada ya harusi au sherehe za mwisho wa mwaka, tumbo likiwa zito na ulimi una utando, supu nyepesi inasaidia. Na ikifika nusu ya pili ya Machi, Vasanta, majira ya machipuko, inapoanza, vitabu vyenyewe vinasema kapha iliyokusanyika huyeyuka na kuleta mafua na uzito wa mwili. Hapo wepesi una nafasi yake. Kuifuata Desemba mpaka Februari ni kujitesa.

Njia ya tatu: zito lisilonenepesha

Sura ya 21 ya Charaka inazungumzia watu wanene kwa uwazi unaonishangaza hadi leo. Inasema mafuta ya mtu mnene huziba njia za mwili, upepo ukabaki unazunguka tumboni ukiuchochea moto, kwa hiyo chakula kinayeyuka haraka na njaa inarudi haraka. Inafananisha hali hiyo na moto wa msitu. Hailaumu wala haisemi mtu huyo ni mvivu wa kujizuia. Inasema ana njaa, na njaa hiyo ipewe kitu.

Kitu gani? Chakula kizito ambacho hakijengi mwili. Kizito ili moto upate cha kushughulika nacho, kisichojenga ili mafuta yasiongezeke. Orodha yake ina shayiri, choroko, mtindi uliotolewa siagi, asali, tangawizi. Ukitazama kwa macho ya leo, shayiri na choroko ni nyuzinyuzi na protini, vitu vinavyokaa tumboni muda mrefu na kukushibisha kwa kalori chache. Maelezo ni tofauti, sufuria ni moja.

Kwangu mimi hii ndiyo njia ya mkaa kitini. Siku yangu inakwenda hivi: saa mbili asubuhi bakuli la uji wa shayiri wenye mdalasini, tangawizi na tufaha lililokatwakatwa. Saa saba mchana ndicho chakula kikubwa: choroko zilizochemshwa na manjano, zikaungwa kwa kijiko kimoja cha chai cha samli, bizari nyembamba na kitunguu saumu, pamoja na mchicha au kabichi na rotlo moja ya mawele. Juu yake glasi ya chaas, yaani mtindi uliopigwa ukatolewa siagi, ukaongezwa maji na bizari ya kukaanga. Saa kumi na mbili na nusu jioni shayiri tena, safari hii kama supu nzito na karoti na kunde. Baada ya hapo jiko limefungwa. Kiporo cha juzi sikigusi, na tui zito nimeliweka kwa siku za wageni. Kwa Ayurveda nazi ni nzito na inapoza.

Kwa kutazama kwa mara moja:

| | Hemanta kamili | Kukausha kapha | Zito lisilonenepesha |
|---|---|---|---|
| Samli kwa siku | vijiko vya chakula 2 hadi 4 | hakuna | vijiko vya chai 1 hadi 2 |
| Nafaka | mawele, ngano, mchele mpya | kidogo sana | shayiri, mawele |
| Njaa ya usiku | hakuna | kali | ndogo, inaisha baada ya wiki ya kwanza |
| Anayefaa | mfanyakazi wa nje, mwembamba | siku chache tu, au mwanzo wa Vasanta | mkaa kitini mwenye uzito wa ziada |

Baridi hii ya tatu, kwa miezi minne ya njia hii, nilipungua kilo 3. Si nyingi. Lakini baridi ni msimu ambao wengi wanapanda: utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika New England Journal of Medicine uliwafuatilia watu wazima 195 Marekani, na kati ya katikati ya Novemba na mapema Januari waliongeza kwa wastani kilo 0.37. Kinachouma ni kwamba kilo hizo hazikutoka miezi ya joto ilipofika. Kutoongeza Desemba ni ushindi tayari.

Asali kwenye maji ya moto, au bila

Kinywaji cha asubuhi kinachosifiwa kila mahali, maji ya moto na asali na limau, kinapingana na vitabu vya Ayurveda vyenyewe. Charaka anakataza asali iliyopashwa moto. Asali yake ya kupunguza mwili inanywewa na maji yasiyo ya moto. Kijiko cha chakula cha asali kina kalori kama 60 kwa vyovyote. Mimi nakunywa maji ya moto yenye tangawizi tu, na asali naitia kwenye uji ukishapoa, nusu kijiko.

Mafuta au singo

Hapa uchaguzi ni wa ngozi na hisia. Abhyanga ni kujikanda mafuta ya ufuta yaliyopashwa kabla ya kuoga; inamfaa mkavu, mwenye vata, anayelala vibaya. Udvartana ni kusugua mwili kwa unga mkavu, na Vagbhata anaisifia kwamba inaondoa kapha na kuyeyusha mafuta. Wanawake wa pwani tunaijua kazi hiyo kwa jina la singo, ingawa yetu ni ya kumng'arisha bibi harusi. Ba anatumia unga wa dengu na manjano kidogo. Nimefanya zote mbili. Unga haukuniyeyusha mafuta, nasema ukweli, lakini asubuhi ya giza unaamsha damu kiasi kwamba hutamani kurudi kitandani. Mafuta nayafanya Jumapili.

Yoga ya ndani au matembezi ya nje

Kwa uzito, chagua matembezi, tena nje. Vagbhata anamruhusu mwenye nguvu anayekula mafuta afanye mazoezi kwa nusu ya uwezo wake katika baridi, na alama ya nusu hiyo ni jasho linapotokeza kwenye paji la uso na pumzi inapoanza kutoka kwa mdomo. Kutoka kwangu hadi Abbey Park, kuuzunguka mto na kurudi ni dakika 45, na paji langu linalowa dakika ya 20 hata kukiwa na barafu. Natoka saa sita na nusu mchana, wakati jua lipo. Yoga ninayo ya dakika kumi jioni kwa ajili ya mgongo. Usingizi wa mchana, ambao Charaka anauhesabu miongoni mwa vinavyonenepesha, nimeuacha, na huo ulikuwa mgumu kuliko sukari.

Chakula au vidonge

Hapa naomba usichukulie kirahisi. Ukiingia dukani utakuta dawa za mitishamba kama triphala na guggulu, na mchanganyiko wa kupunguza mwili wenye viungo kumi na tano. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa eneo la Boston, na moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Matunda ya garcinia, yanayotiwa kwenye vidonge vingi vya kupungua, yamehusishwa na kuumia kwa ini. Mizizi ya susi inapandisha shinikizo la damu. Kati ya chakula na kidonge, chukua chakula. Choroko haijamuumiza mtu ini.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo, au mwenye historia ya kujinyima chakula, azungumze na daktari kabla ya kubadilisha milo. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi huku Uingereza, vitabu vya India havikujua giza la hapa: ushauri wa afya wa nchi hii ni mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, na kwetu ni mwaka mzima. Pia kipimo cha uwiano wa uzito na urefu (BMI) kwa Waafrika na Wahindi kinaanza kuhesabu uzito uliozidi kwenye 23, na unene kwenye 27.5, chini ya kile kilichoandikwa kwenye chati nyingi.

Ukitaka kuanza wiki hii

Maduka ya Belgrave Road hapa Leicester yana kila kitu, na kokote walipo Wagujarati ni vivyo hivyo. Omba "mag", ndiyo choroko. Chukua nzima zenye ganda la kijani. "Jav" ni shayiri. Uliza isiyokobolewa sana, iloweke usiku. "Bajri" ni unga wa mawele. Nunua kilo moja tu, kwa sababu unachachuka haraka na ukiwa mchungu hautengenezeki. Samli nunua kopo dogo.

Mume wangu bado anapata bati lake. Nilimwendea Ba mwezi wa Novemba, nikamwambia, "Shikamoo Ba, mimi adadiya mwaka huu niache." Akaitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mwanangu, wewe hukai kwenye baridi. Ngoja." Akaingia jikoni akatoka na chupa ya choroko zilizokaangwa bila mafuta, zenye chumvi, ndimu na pilipili manga. Ipo mezani karibu na simu.